Jinsi ya kutengeneza molekuli za kuiga alkaloidi na kuzipima kama kweli zinazuia fangasi (tunatumia triptanthrini kama mfano)

Wakuu, huu mwongozo ni kwa mtu aliyeko masters ya kemia, au mwaka wa mwisho na anatafuta project inayomalizika, ana maabara yenye fyumu hudi inayovuta kweli na ana mtu wa maikrobiolojia anayeweza kumpa nafasi. Wengi wakisikia alkaloidi (kemikali zenye naitrojeni ambazo mimea inajitengenezea) wanawaza kwenda porini kuchuna magome ya mjafari, kuloweka kwenye methanoli wiki nzima na kuishia na miligramu mbili za kitu cha kahawia. Hiyo njia ina heshima yake na sisi huku tumelelewa nayo, ila kuna njia nyingine: unachukua umbo ambalo mmea umeshalibuni, unalitengeneza mwenyewe kwenye flaski kwa gramu, afu unabadilisha kipande kimoja kimoja uone nguvu inaenda wapi.

Nitasema mapema ninachoamini ili usome ukijua: kwenye kazi hii kupika ni sehemu rahisi. Kinachoangusha watu ni kuthibitisha kwamba kilichozuia fangasi ni molekuli yako, sio DMSO (kiyeyusho cha kuyeyushia dawa), sio tolueni iliyobaki, sio macho yako. Ndo maana upishi nitaupitia haraka kidogo, kwenye pleti nitakaa sana.

KWANINI TRIPTANTHRINI

Ni alkaloidi ya njano inayopatikana kwenye mimea ya rangi ya nili kama Isatis tinctoria na Strobilanthes cusia. Mwaka 1971 Schindler na Zähner waliipata kwenye hamira, Candida lipolytica, iliyokuwa imelishwa triptofani, na 1979 Honda na Tabata wakaitoa kwenye Strobilanthes wakionyesha ndo inayozuia dermatofaiti, yani wale fangasi wa ngozi, nywele na kucha wanaoleta mapunye na fangasi wa miguu. Kwa hiyo hatubahatishi, historia ipo. La pili, inapikwa kwa hatua moja kutoka vitu viwili vya bei ya kawaida, isatini na anhidridi ya isatoiki. La tatu, na hili ndo tamu, isatini inauzwa ikiwa tayari na florini, klorini, bromini au methili kwenye nafasi ya 5, ukiweka hiyo badala ya isatini ya kawaida unapata triptanthrini yenye kitu hicho hicho kwenye nafasi ya 8. Njia moja, molekuli tano, na thesis ina sura ya mfululizo.

UPISHI

Kwa mmoli 10, maana yake sehemu moja ya mia ya moli: isatini gramu 1.47, anhidridi ya isatoiki gramu 1.79 (hiyo ni mmoli 11, imezidi kidogo makusudi), trietilamini mililita 7, tolueni kavu mililita 40. Flaski ya mviringo ya mililita 100, kidonge cha kukorogea, kondensa juu na maji yanapita. Tolueni inashika moto kirahisi kwa hiyo ni hotpleti na bafu la mafuta, sio bansena, na trietilamini inanuka samaki aliyeoza hivyo usiifungue nje ya fyumu hudi kama unataka kuendelea kuelewana na wenzako. Vaa glovu kweli, anhidridi ya isatoiki inaweza kukuletea mzio wa ngozi.

Chemsha kwa rifluksi (mvuke unapanda, unapoa kwenye kondensa na kurudi flaskini) masaa mawili mpaka manne. Kinachoendelea ndani ni hivi, trietilamini inasaidia kunyang'anya haidrojeni ya naitrojeni ya isatini, naitrojeni inashambulia anhidridi, pete inafunguka na kaboni dioksaidi inatoka (utaona vipovu, usizibe kondensa kwa juu!), afu amini iliyozaliwa inageuka kuuma kabonili ya jirani na maji yanatoka. Ukijua hivyo unaelewa kwanini kila kitu kiwe kikavu: anhidridi ya isatoiki iliyokaa kwenye chupa iliyofunguliwa miaka imeshanyonya unyevu na sehemu yake ni asidi ya anthraniliki, na isatini nayo ikikutana na maji na besi inafunguka pete. Pato likiwa dogo bila sababu anza kushuku chupa kabla hujashuku mikono yako.

Rangi itakuambia mengi. Isatini ni ya chungwa inayoelekea nyekundu, triptanthrini ni njano iliyochangamka yenye dalili ya kijani, hivyo mchanganyiko unapotoka chungwa iliyokolea kwenda njano na vitu vinaanza kuganda kwenye kuta za flaski, kazi inaenda. Ila usiishie kwenye rangi, chukua tone, weka kwenye pleti ya TLC (inayotenganisha vitu kuwa madoa) pembeni ya isatini yako ya mwanzo, kimbiza na etili asetati kwa heksani 3:7, angalia chini ya UV ya nanomita 254. Doa la isatini likiisha, zima moto.

Acha ipoe mpaka joto la chumba, halafu kwenye barafu nusu saa. Chuja kwa faneli ya Buchner na vakyumu, osha na methanoli ya baridi KIDOGO, triptanthrini haiipendi methanoli kwa hiyo uchafu unaondoka yenyewe inabaki. Yeyusha tena kwenye etili asetati ya moto, ongeza kidogo kidogo mpaka iyeyuke yote, acha ipoe taratibu mezani bila kuihangaisha, utapata fuwele nyembamba kama sindano. Kama yote ingegeuka ungepata gramu 2.48, ukipata asilimia 70 au zaidi endelea na maisha.

Zile nyingine unapika hivyo hivyo, unabadilisha uzito tu: 5-floroisatini gramu 1.65, 5-kloroisatini gramu 1.82, 5-bromoisatini gramu 2.26, 5-methilisatini gramu 1.61.

SASA HAKIKISHA NI YENYEWE NA NI SAFI

Hapa watu wanaruka, wanaona njano wanakimbilia kwenye fangasi. Hapana. Kausha kwanza kwenye vakyumu usiku mzima, na sio kwa ajili ya uzuri: tolueni na trietilamini zikibaki kwenye unga zinaweza kuwaumiza fangasi zenyewe, na wewe utaandika kwamba ni alkaloidi.

Pima kiwango cha kuyeyuka, triptanthrini safi iko juu sana, maeneo ya nyuzi 266 mpaka 268. Ikianza kulainika mapema na kuyeyuka kwa upana wa nyuzi nane tisa, rudi ukafanye fuwele tena. Kwenye mass spektrometa unatafuta 249, yani uzito wa 248 na protoni moja. Ya bromini itakupa vilele viwili vinavyokaribia kulingana, 327 na 329, hiyo haijifichi.

NMR (kipimo kinachoonyesha haidrojeni na kaboni zimekaa wapi) ya hii molekuli ni zawadi. Haidrojeni zote nane ziko kwenye pete za aromatiki, kati ya ppm 7.4 na 8.7 hivi kwenye kloroformu yenye deuteriamu, chini ya 7 hakuna kitu chake hata kimoja. Kwa hiyo upande wote wa kulia wa spektra unatakiwa uwe mtupu, na chochote utakachokiona pale ni mgeni: kilele kilichosimama peke yake kwenye 2.36 ni methili ya tolueni, kile cha vidole vitatu karibu na 1.0 na kingine cha vinne karibu na 2.5 ni trietilamini (ikiwa imeshika asidi vinasogea kushoto kidogo). Ya methili ndo pekee kwenye mfululizo itakayokuwa na kilele chake halali kule, na inabaki na haidrojeni saba za aromatiki kama zile za halojeni. Kwenye kaboni tafuta kabonili mbili, moja maeneo ya 182 na nyingine 158.

KUYEYUSHA, HAPA NDO PENYE SHUGHULI

Triptanthrini ni bapa, molekuli zinapangana kama chapati, na maji haiyataki kabisa. Fangasi wako wanaishi kwenye maji. Hilo ndo tatizo zima la project na hakuna atakayekuambia mpaka ukutane nalo.

Tengeneza stoki ya miligramu 3.2 kwa mililita ndani ya DMSO. Usijisumbue kupima miligramu 3.2 kamili, mizani itakutesa, wewe pima chochote kati ya 4 na 10, soma namba, afu gawa kwa 3.2 upate mililita za DMSO. Umepata 4.6? Weka mililita 1.44. Pasha kwenye bafu la maji nyuzi 40 na uitikise, ukiwa na sonikeita dakika chache zinasaidia. Ishike kwenye mwanga: ukiona vumbi linaelea haijayeyuka, na stoki yenye vumbi haina kiwango, ina uongo. Punguza nguvu iwe 1.6, hakuna aibu.

Kosa lingine la kuepuka: watu wanaweka stoki kwenye maji halafu ndo wanaipunguza nusu kwa nusu humo humo kwenye maji. Dawa inaganda kisima cha kwanza na vingine vyote vinapata makombo. Punguza ndani ya DMSO kwanza. Panga vichupa kumi, 3200, 1600, 800 na kuendelea (mikrogramu kwa mililita), vyote DMSO tupu. Kisha toka kila kichupa chukua mikrolita 10 weka kwenye mikrolita 490 za RPMI (mchuzi wa kuoteshea fangasi), umepunguza mara 50. Kwenye kisima utaongeza fangasi kiasi sawa, itakuwa mara 100. Kwa hiyo visima vinaanzia 32 kushuka mpaka 0.06, na DMSO ni asilimia 1 sawa kila mahali, jambo ambalo litakuokoa kwenye utetezi.

PLETI YA HAMIRA (KANDIDA)

Anza na kandida maana majibu yanakuja ndani ya masaa 24. Tunafuata utaratibu wa M27 wa CLSI, taasisi ya viwango vya maabara. Mchuzi ni RPMI 1640 yenye glutamini, bila baikaboneti, imetulizwa kwa MOPS (bafa ya kushikilia pH) 0.165 M, pH 7.0. Usitumie mchuzi mwingine kisa upo kwenye friji, matokeo yako hayatalinganishika na ya mtu yeyote duniani.

Kandida ni viumbe vya kundi la pili la hatari, kwa hiyo kabati la usalama wa kibayolojia, koti, glovu, na ruhusa ya kamati ya usalama ya chuo chako. Aina za kumbukumbu unazohitaji (ATCC ni benki ya vijidudu) ni C. parapsilosis ATCC 22019 na C. krusei ATCC 6258, hizi ndo za kukagua kama mtambo wako unafanya kazi, afu ndo C. albicans na nyingine unazozitaka.

Otesha kwenye Sabouraud dekstrosi agari nyuzi 35 masaa 24. Chukua koloni kama tano, koroga kwenye saline (maji ya chumvi), linganisha ukungu wake na McFarland 0.5, kipimo cha kukadiria wingi wa seli. Huna kipima ukungu? Tengeneza mwenyewe: mililita 0.05 za bariamu kloraidi ya asilimia 1.175 kwenye mililita 9.95 za asidi ya sulfuriki ya asilimia 1, funga, itikise kila unapotumia, weka karatasi yenye mistari myeusi nyuma ya mirija miwili ulinganishe jinsi mistari inavyofifia. Hapo una seli milioni 1 hadi 5 kwa mililita. Punguza mara 50 kwenye saline, halafu mara 20 kwenye RPMI.

Pleti ya visima 96 chini duara. Safu ya 1 mpaka 10 mikrolita 100 za dawa kutoka kali kwenda dhaifu, ya 11 RPMI yenye DMSO asilimia 2 bila dawa (ikichanganyika inakuwa 1), ya 12 RPMI tupu. Ongeza mikrolita 100 za fangasi safu ya 1 hadi 11, ya 12 ongeza RPMI. Kila dawa mistari mitatu, na huu hapa mstari wa nne ambao wengi hawaweki: dawa ile ile, viwango vile vile, BILA fangasi. Nitaurudia huo muda si mrefu. Pleti nyingine iwe ya flukonazoli, dawa ya fangasi inayojulikana. Weka pleti kwenye boksi lenye tishu iliyoloweshwa, visima vya pembeni vinakauka na vikikauka dawa inakolea, unadhani umegundua kitu kumbe ni mvuke.

Baada ya masaa 24 kwa nyuzi 35 angalia flukonazoli kabla ya kitu chako. Kwa ATCC 22019 MIC yake (kiwango kidogo kabisa kinachozuia ukuaji, mikrogramu kwa mililita) inatakiwa iangukie kati ya 0.5 na 4, kwa ATCC 6258 kati ya 8 na 64. Ikitoka nje ya hapo, pleti nzima ni ya kutupa, haijalishi molekuli yako imeng'aa vipi.

KUSOMA

Sasa ule mstari wa nne. Kwenye viwango vya juu triptanthrini inaweza kuganda na kukaa katikati ya kisima kama kitufe, na hamira iliyokua nayo inakaa katikati ya kisima kama kitufe. Ukisoma kwa macho bila mstari wa kulinganisha utaandika kwamba fangasi wameota kwenye 32 na hawajaota kwenye 8, kitu ambacho hakina akili, au kinyume chake utaipa sifa dawa iliyoganda na kuwazika fangasi bila kuwaua. Weka pleti chini ya hadubini ya kugeuzwa, fuwele ni vijiti vyenye pembe, kandida ni mviringo na zinachipua vitoto. Ukiona vijiti kwenye mstari usio na fangasi, kiwango hicho umevuka uwezo wa kuyeyuka, usikitumie kudai chochote, andika tu kwamba dawa iliganda kuanzia hapo.

Ukisoma kwa mashine kwenye nanomita 530, toa usomaji wa mstari wa nne kwenye kila kisima husika, sio kutoa RPMI tupu. Resazurini (rangi ya kupima uhai) nayo inasaidia, seli hai zinaigeuza toka bluu kwenda pinki, ila kumbuka dawa yako ni ya njano, na bluu juu ya njano visima vya juu vinaweza kuonekana kijani na kukuchanganya.

MIC ya flukonazoli inasomwa pale ukuaji unaposhuka asilimia 50 au zaidi ukilinganisha na safu ya 11. Kwa molekuli mpya chagua kipimo kimoja, 50 au 100, kiandike na ubaki nacho. Kujua kama inaua au inalaza tu, chukua mikrolita 20 toka visima vilivyo safi, paka kwenye Sabouraud, subiri masaa 48. Rudia jaribio zima siku tofauti kwa fangasi walioteshwa upya, mistari mitatu kwenye pleti moja ni jaribio moja hata uipake rangi. Na MIC haipigiwi wastani wa kawaida, ngazi zake zinarukaruka mara mbili, andika ile iliyojirudia zaidi au wastani wa kijiometri. Tofauti ya ngazi moja kati ya molekuli mbili, mfano 8 na 16, usiijengee nadharia.

Halafu linganisha kwa mikromola. 32 ya triptanthrini ni kama mikromola 129, 32 ya ile yenye bromini ni 98 tu kwa sababu bromini ni nzito. Molekuli nzito zinaonewa sana kwenye majedwali ya mikrogramu.

DERMATOFAITI

Ikitokea kandida wamecheka tu usikate tamaa, kumbuka historia ya hii molekuli imeanzia kwa fangasi wa ngozi. Hapo unahamia M38, utaratibu wa CLSI wa fangasi wa nyuzi. Otesha Trichophyton kwenye agari ya viazi na dekstrosi nyuzi 30 kwa siku kama saba, T. rubrum ikigoma kutoa mbegu ihamishie agari ya oti (oatmeal). Mwaga saline yenye tone la Tween, kwangua taratibu, acha mabonge yatulie, pitisha kwenye karatasi ya kuchuja ya Whatman namba 40 ili nyuzi zibaki na mbegu ndogo zipite. Hapa McFarland haitoshi, hesabu kwa hemositomita, ndani ya kisima unataka 1000 mpaka 3000 kwa mililita. Nyuzi 35, siku nne, na unasoma pale ukuaji uliposhuka asilimia 80 au zaidi. Kidhibiti chako ni terbinafini, dawa ya fangasi wa ngozi. Dawa inakaa siku nne kwenye maji, kwa hiyo ule mstari usio na fangasi unazidi kuwa wa lazima.

SUMU

Fangasi ni ndugu zetu wa karibu kuliko bakteria, seli zao zina kiini na mitambo mingi kama ya kwetu, ndo maana dawa za fangasi ni chache na ni ngumu kupata. Triptanthrini yenyewe inajulikana kugusa vitu kwenye seli za binadamu, ikiwemo COX-2, kimeng'enya cha uvimbe na maumivu. Kwa hiyo peleka molekuli zilizofanya vizuri kwenye seli za Vero (za figo ya nyani) au nyingine zilizopo chuoni, kipimo cha MTT (kinachoonyesha seli zilizobaki hai), kisha gawa kiwango kinachoua nusu ya seli kwa MIC. Ikitoka 1 au 2, una sumu ya kawaida. Ikizidi 10 endelea. Na tafadhali msipakane kwenye miguu yenye fangasi eti kujaribu, unga wa maabara sio mafuta ya kupaka.

Vitu vyote vilivyogusa fangasi viende otoklevu nyuzi 121 nusu saa kabla ya kutupwa, tolueni na trietilamini kwenye chupa ya taka za vimiminika vya kikaboni, zile za halojeni chupa yake. Stoki za DMSO gawa kwenye vichupa vidogo uweke kwenye friji ya kugandisha, ukiyeyusha usirudishe, na kabla ya kuitumia ishike tena kwenye mwanga utafute vumbi.

Ukishafika hapa na mfululizo wa nafasi ya 8 umekuonyesha njia, hatua inayofuata naona ni kabonili ya nafasi ya 6, ile ni ketoni yenye njaa, inakubali haidroksilamini kutoa oksimu na inakubali haidrazini mbalimbali. Chagua kipande chenye amini inayoweza kushika protoni, morifolini au piperazini hivi, uone kama maji yataanza kuikubali. Ikikubali, rudi kwenye kile kichupa cha 3.2 na uanze kupanga pleti upya.